Aketi Kwanza Afanye Shauri

Jumapili ya 23 ya Mwaka C
Masomo: Hek 9:13-18, Flm 9-10, 12-17, Lk 14:25-33



Wapenzi wasikilizaji, katika Injili ya leo Bwana wetu anatupa mifano miwili mifupi. Mmoja ni wa mtu anayetaka kujenga mnara, na wa pili ni wa mfalme anayetaka kwenda kupigana na mfalme mwenzake. Watu hawa wawili wana kazi tofauti, lakini wote wanaanza na tendo moja: wanaketi. Mjenzi anaketi na kuhesabu kama fedha zake zitatosha kumaliza. Mfalme anaketi na kufanya shauri kama askari wake elfu kumi wataweza kumkabili yule anayemjia na askari elfu ishirini. Na akiona kwamba hataweza, hangoji mpaka adui abishe hodi; anatuma wajumbe wakati mwenzake angali mbali, wakaombe masharti ya amani.

Mara nyingi wahubiri tunamchukua yule mjenzi na mnara wake, na mfalme tunamwacha apite. Ni kweli kwamba Bwana hakukusudia kutufundisha utawala wala mbinu za vita. Alikuwa akisema juu ya gharama ya kuwa mfuasi wake, na huko tutarudi. Lakini mfano huchukuliwa katika mambo ambayo wasikilizaji wanayakubali bila ubishi. Na jambo walilolikubali ni hili: mfalme mwenye akili haanzi vita kabla ya kuketi. Basi leo, ndugu zangu, napenda tukae kidogo na mfalme huyu, tujiulize maswali mawili. Je, wakuu wa dunia huketi kwanza? Na wanaposimama mbele ya watu wao na kusema kwamba vita ni lazima, sisi tunaosikiliza tufanye nini?

Pengine mtu atasema: Padre, hayo ni mambo ya wakubwa, mimi mkulima au mama wa nyumbani yananihusu nini? Yanakuhusu sana. Vita huamuliwa na watu wachache, lakini haviwezi kupiganwa bila watu wengi. Wanatakiwa vijana wa kubeba silaha. Inatakiwa kodi ya kununulia risasi. Wanatakiwa wazazi watakaokubali kuwaaga watoto wao. Kwa sababu hiyo kila serikali, hata ile isiyojali kura, inapotaka vita inalazimika kusema na watu wake na kuwapa sababu. Maana yake ni kwamba ridhaa yako inaombwa. Na mtu akiombwa ridhaa, ana wajibu wa kupima kile anachokiridhia, kwa kuwa atakitolea hesabu mbele ya Mungu.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha wazi jinsi sababu zinavyoweza kutengenezwa. Fungueni nyumbani Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi wa Yezreeli. Nabothi akakataa kuliuza, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu akajilaza kitandani, akageuza uso wake, akakataa kula. Hapo malkia Yezebeli akaishika kazi.

Angeweza kumtuma askari usiku akamwue Nabothi kimya kimya. Hakufanya hivyo. Alijua kwamba damu inayomwagwa bila sababu huwachukiza watu, basi akawatafutia watu sababu. Aliandika barua kwa jina la mfalme na kuzitia muhuri wake. Uongo ukapata sura ya serikali. Akaagiza mfungo utangazwe; uongo ukapata sura ya dini, na wenyeji wakadhani hatari kubwa imewakabili wote. Akaagiza wapatikane mashahidi wawili, kwa kuwa Sheria ya Musa ilidai mashahidi zaidi ya mmoja. Uongo ukapata sura ya haki. Na shtaka likawa kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Kwa neno hilo, mtu aliyekuwa akilinda shamba lake aligeuzwa kuwa adui wa taifa zima.

Ndugu wapendwa, mikono iliyorusha mawe siku ile haikuwa ya Yezebeli wala ya Ahabu. Ilikuwa mikono ya watu wa mji wake Nabothi mwenyewe. Wazee wa mji walizipokea barua, na Maandiko hayatuambii kwamba hata mmoja wao aliuliza swali. Na katika mashtaka yote yale, shamba la mizabibu halikutajwa hata mara moja.

Tuyatazame sasa mambo ya nyakati zetu, ambayo yameandikwa na kuthibitishwa. Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Saddam Hussein, mtawala wa Iraq, yaliivamia nchi jirani ya Kuwait. Uvamizi ule ulikuwa wa kweli, na mateso ya watu wa Kuwait yalikuwa ya kweli. Lakini Wamarekani wengi walisita kuwapeleka vijana wao kupigana mbali namna ile. Ndipo tarehe 10 Oktoba 1990, mbele ya kikundi cha wabunge wa Marekani kinachoshughulikia haki za binadamu, akasimama msichana wa miaka 15 aliyetambulishwa kwa jina moja tu, Nayirah. Akasimulia kwa machozi kwamba katika hospitali moja ya Kuwait aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga katika mashine za kutunzia watoto njiti na kuwaacha wafe sakafuni.

Nani asingelia? Habari hiyo ilienea ulimwenguni. Rais George Bush, yaani yule baba, aliirudia mara nyingi katika hotuba zake, na maseneta kadhaa waliitaja walipokuwa wakijadili vita. Januari 1991 Baraza la Seneti liliidhinisha vita kwa kura 52 dhidi ya 47. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1992, ikafahamika kwamba msichana yule alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushuhuda wake ulikuwa sehemu ya kampeni iliyoendeshwa na kampuni ya uhusiano wa umma, iliyolipwa kwa fedha za Kuwait. Wachunguzi waliokwenda Kuwait baada ya vita hawakupata uthibitisho wa kisa kile.

Hapa tuwe waangalifu. Kuwait ilikuwa na haki ya kudai uhuru wake. Sababu ya kweli ilikuwepo. Kwa nini basi ikaongezewa nyingine? Kwa sababu huruma hukimbia kuliko shauri. Mtu anayeonyeshwa mtoto mchanga anayekufa haketi tena, ameshasimama. Huruma ambayo Mungu ameiweka moyoni mwetu ili tuwasaidie wanaoteseka ilichukuliwa ikatumiwa kama kuni. Na madhara yake hayaishi hapo. Siku nyingine akija mama anayelia kwa kweli, watu waliokwisha kudanganywa watamtazama kwa mashaka.

Miaka kadhaa ikapita. Tarehe 11 Septemba 2001 magaidi waliwaua watu karibu 3,000 nchini Marekani, na hofu ikawaingia watu wote. Katika hofu hiyo serikali ya Rais George W. Bush, mtoto wa yule wa kwanza, ikaanza kusema juu ya kuipiga Iraq. Sababu kubwa waliyopewa watu ni kwamba Iraq ina silaha za maangamizi, za sumu na za vijidudu vya maradhi, na kwamba inatafuta tena silaha za nyuklia. Septemba 2002 serikali ya Uingereza, chini ya Waziri Mkuu Tony Blair, ilitoa kijitabu kwa wananchi kilichodai kwamba baadhi ya silaha hizo zingeweza kuwa tayari kutumika katika muda wa dakika 45. Tarehe 5 Februari 2003 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, jenerali mstaafu aliyeheshimiwa na wengi, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Iraq ina magari yaliyogeuzwa kuwa maabara za kutengenezea silaha za vijidudu.

Shahidi mkuu wa habari ile ya magari alikuwa Mwiraki mmoja aliyekimbilia Ujerumani, na Wajerumani hawakuwaruhusu Wamarekani kumhoji moja kwa moja. Mwaka 2011 mtu huyo alikiri mwenyewe gazetini kwamba alidanganya. Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, alilieleza Baraza la Usalama kwamba hati zilizodai kuwa Iraq ilitafuta urani kutoka Niger hazikuwa halisi. Hans Blix, aliyewaongoza wakaguzi wa silaha, alisema kazi yao ingehitaji miezi. Miezi haikutolewa. Tarehe 20 Machi 2003 mabomu yakaanza kuanguka Baghdad.

Oktoba 2004 wachunguzi waliotumwa na Marekani yenyewe walitoa taarifa yao: akiba ya silaha zile haikuwepo. Mwaka 2005 Powell alikubali kwamba hotuba yake ni doa katika historia ya kazi yake. Na Julai 2016 tume ya Sir John Chilcot, iliyoundwa na Uingereza yenyewe, ilisema kwamba nchi iliingia vitani kabla ya njia za amani kumalizwa, na kwamba hatari ya silaha ilielezwa kwa uhakika ambao ushahidi haukuustahili.

Wakati taarifa hizo zinaandikwa, makaburi yalikuwa yamekwisha kujaa. Raia wa Iraq waliouawa katika vita na vurugu zilizofuata wanazidi 100,000. Askari wa Marekani waliokufa wanakaribia 4,500, na wa Uingereza ni 179. Wakristo wa Iraq, ambao kabla ya vita walikadiriwa kuzidi milioni moja, wamebaki laki chache tu. Wengine waliuawa, wengi wakakimbia. Kanisa lililokuwa likisali huko tangu karne za kwanza lilikaribia kunyamaza. Papa Fransisko alipolitembelea Machi 2021, alisali katikati ya magofu ya makanisa ya Mosul.

Mtu aweza kuuliza: je, viongozi hao wote walikuwa waongo? Sisi hatuhukumu mioyo. Mungu ndiye ajuaye. Yawezekana wengine walijidanganya wao wenyewe kwanza. Saddam alikuwa mtawala katili kweli. Machi 1988 majeshi yake yaliupiga kwa gesi ya sumu mji wa Wakurdi wa Halabja, na maelfu ya watu wakafa. Ukweli huo ulichanganywa na mambo yasiyo na hakika, na mchanganyiko kama huo ni mgumu kuutambua kuliko uongo mtupu. Lakini kuna jambo moja la kutisha. Kumbukumbu za kikao cha viongozi wa Uingereza cha Julai 2002, zilizochapishwa gazetini mwaka 2005, zinaonyesha kwamba mkuu wa ujasusi, aliyekuwa ametoka Washington, aliwaeleza wenzake kuwa huko taarifa zilikuwa zikipangwa zifuate uamuzi.

Zingatieni hilo, ndugu zangu. Mfalme wa Injili anaketi, anahesabu, kisha anaamua. Mfalme Ahabu anatamani kwanza, na barua, mfungo na mashahidi vinakuja baadaye. Tofauti kati ya wafalme hawa wawili ni mpangilio tu: kipi kilitangulia, shauri au tamaa? Mtu aliyekwisha kuamua hatafuti ukweli, anatafuta mashahidi.

Na wananchi je? Agosti 2003, miezi mitano baada ya vita kuanza, gazeti la Washington Post liliwauliza Wamarekani maoni yao. Watu 69 katika kila 100 waliona inaelekea kwamba Saddam alihusika yeye mwenyewe katika mashambulio ya 2001. Mwezi uliofuata Rais Bush mwenyewe alisema hakuna ushahidi wa jambo hilo. Watu wale hawakuwa wajinga. Majina mawili yalikuwa yametajwa pamoja mara nyingi, mpaka akili zao zikayafunga kamba moja. Tena, silaha zilipokosekana, sababu nyingine ikasogezwa mbele, kwamba vita vilikuwa vya kuwakomboa watu wa Iraq kutoka kwa mtawala katili. Sababu ya kwanza ilipokufa, ya pili ikavishwa nguo zake.

Katika siku zile Kanisa halikukaa kimya. Tarehe 13 Januari 2003 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaambia mabalozi wa nchi mbalimbali kwamba vita si jambo lisiloepukika, na kwamba daima ni kushindwa kwa ubinadamu. Februari alimtuma Kardinali Roger Etchegaray kwenda Baghdad kuonana na Saddam, na mwezi Machi alimtuma Kardinali Pio Laghi kwenda Washington kuonana na Bush. Hao ndio wale wajumbe wa Injili ya leo, wanaotumwa wakati adui angali mbali. Na siku ya Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi 2003, aliwaomba waamini wafunge na kusali kwa ajili ya amani.

Linganisheni mifungo hii miwili. Yezebeli alitangaza mfungo ili kuifunika damu ambayo alikuwa amekwisha kuamua kuimwaga. Papa alitangaza mfungo ili damu isimwagike. Ibada kwa nje ni ile ile: tumbo tupu na magoti chini. Kwa hiyo tusidhani kwamba kila anayelitaja jina la Mungu katika habari za vita ametumwa na Mungu.

Sisi wa Tanzania tunayo kumbukumbu yetu wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoani Kagera. Serikali yake ilidai kwamba Tanzania ndiyo iliyochokoza, na tarehe 1 Novemba ikatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera ni mali ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba tutampiga. Sababu aliyoitoa iliweza kupimwa: wananchi walionyang'anywa walikuwa wakivuka mto kukimbia, na waliowapokea waliyaona machozi yao kwa macho. Haikuhitaji shahidi wa kufichwa.

Lakini hata sababu ya haki haimwondolei mtu wajibu wa kuendelea kuhesabu. Vita vile havikuishia mpakani; tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala. Julai mwaka huo, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia, baadhi ya wakuu wa nchi waliilaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka, na ikabidi lawama ile ijibiwe. Sikusudii leo kuamua nani alikuwa na haki katika mabishano yale. Nasema tu kwamba kuulizwa si kutukanwa. Sababu ya kumfukuza mwizi nyumbani mwako ni moja; sababu ya kumfuata mpaka kwake ni nyingine, nayo ina hesabu yake. Taifa lenye afya linakubali kuulizwa hesabu zote mbili.

Sasa Kanisa linatufundisha nini? Linafundisha kwamba watawala wana haki, na hata wajibu, wa kuwalinda watu wao. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2309, inaweka masharti mazito. Madhara yanayoletwa na mshambuliaji yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika. Njia nyingine zote ziwe zimeonekana haziwezekani au hazifai kitu. Pawepo tumaini la kweli la kufaulu. Na silaha zisilete maovu makubwa kuliko ovu linaloondolewa. Masharti yote yatakiwa yatimie pamoja. Tena Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli tutti wa mwaka 2020, alionya kwamba vita huchaguliwa kwa urahisi kwa visingizio vya huruma, vya kujilinda au vya kuzuia hatari, na hata kwa kuchezea habari wanazopewa watu.

Ninyi makatekista, mnapofundisha Amri za Mungu, mna desturi ya kuifundisha ya tano leo na ya nane baada ya wiki kadhaa. Nawaomba muwaonyeshe watoto na wakatekumeni jinsi amri hizi mbili zinavyoshikana mikono. Usiue, usimshuhudie jirani yako uongo. Nabothi aliuawa kwa ulimi kabla ya kuuawa kwa jiwe. Anayeilinda amri ya nane amekwisha kujenga ua kuizunguka ya tano.

Wahenga wetu walisema: kataa neno, usikatae wito. Mkristo hakatai wito wa serikali yake. Anawaombea wenye mamlaka, kama Mtume Paulo alivyoagiza, na anakuja kusikiliza anapoitwa. Lakini akiisha kulisikia neno, analipima. Kwa hiyo napenda niwaachie maswali manne, ambayo hata asiyejua kusoma anaweza kuyashika.

La kwanza: nani ameona, na je, anaweza kuulizwa? Shahidi ambaye hakuna ruhusa ya kumhoji ni ndugu ya mashahidi wa Yezreeli.

La pili: je, wajumbe wametumwa? Kama mlango wa mazungumzo haujabishwa, au umebishwa mara moja kwa kujionyesha, hesabu haijaisha. Na mtu anayetuambia kwamba hakuna muda wa kufikiri, huyo ndiye hasa wa kufikiriwa.

La tatu: shamba litakwenda kwa nani, na mawe yatarushwa na nani? Mara nyingi wanaofaidi si wale wanaozika. Mfalme akihesabu askari elfu kumi, sisi tuhesabu na wajane, na yatima, na mazao yatakayoozea shambani, upande wetu na upande wa pili.

La nne: anayeuliza anatendewaje? Tarehe 17 Machi 2003 mwanasiasa wa Uingereza Robin Cook alijiuzulu katika baraza la mawaziri kwa sababu hakuweza kukubali vita vile. Alieleza sababu zake bungeni kwa adabu, wenzake wakamsikiliza, kisha vita vikaanza. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba mashaka yake yalikuwa na msingi. Pale ambapo kila mwenye swali anaitwa msaliti, jueni kwamba hoja zimepungua.

Maswali haya si ya vita vya mataifa tu. Moto wa vijijini huwashwa kwa njia hizo hizo. Wafugaji na wakulima wanagombea malisho. Ghafla linakuja neno kwamba mtoto wetu ameuawa huko. Nani ameona? Siku hizi neno lenyewe linakuja katika simu, na picha ya maiti, na agizo la kuwatumia wengine haraka. Picha inaweza kuwa ya nchi nyingine na ya mwaka mwingine. Ndugu yangu, aketi kwanza! Usipeleke mbele usichokijua. Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo inapokutana wiki hii, iwe ndicho kiti cha kuketia: habari ipimwe pale, wazee waulizwe, na wawili watumwe kwa hao wa upande wa pili wakati wangali mbali.

Tena, katika Sala ya Waamini, tusiwaombee vijana wetu tu. Tuwaombee kwa sauti na watoto wa wale tunaoambiwa kwamba ni adui zetu. Ni vigumu kumrushia jiwe mtu uliyemwombea asubuhi.

Mwisho, turudi pale Bwana alipoanzia. Anasema kwamba anayemjia bila kumweka yeye mbele ya baba na mama, mke na watoto, ndugu zake na hata uhai wake, hawezi kuwa mfuasi wake. Tumelisikia neno hilo mara nyingi kuhusu familia. Leo tulisikie pia kuhusu kabila na taifa. Nchi yetu ni mama yetu, na kuipenda ni wajibu. Lakini hata mama huyu hapewi nafasi ya Kristo. Akitutuma kulinda nyumba, tutakwenda. Akituletea barua ya kumpiga mawe Nabothi, tutamjibu kwa heshima kwamba tunaye Bwana aliye juu yake. Jibu hilo linaweza kumgharimu mtu kazi, marafiki, au jina jema mtaani. Hiyo ndiyo gharama ambayo Bwana anatutaka tuketi na kuihesabu kabla ya kumfuata, na ndio msalaba anaoutaja.

Ahabu aliposhuka kwenda kulitwaa shamba, nabii Eliya alitumwa na Mungu kumkabili humo humo. Mungu alikuwa amekwisha kuzisoma barua zote. Muhuri wa mfalme haukumzuia.

Tuombe. Ee Bwana, uwajalie wanaotutawala hekima ile iliyoombwa katika somo la kwanza, ili waketi kabla ya kusimama, na watume wajumbe kabla ya kutuma majeshi. Utujalie nasi masikio yanayopima, ndimi zisizobeba uongo, na mikono inayokataa kushika jiwe. Uwapokee katika amani yako wote waliokufa kwa sababu ya maneno yasiyo ya kweli. Tunaomba hayo kwa Kristo Bwana wetu. Amina.